Malkia Mentewab wa Ethiopia na taji la dhahabu la Qwesqwam

Ukipita njia za Ufipa, mahali pengine utakuta mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo wazee waliyeyusha mawe ya chuma kabla ya majembe ya dukani kufika. Kwa hiyo msikilizaji wetu hahitaji kuelezwa kwamba madini yakipita kwenye moto na mikono ya fundi yanaweza kubeba heshima ya jamii nzima. Wala hahitaji kuelezwa kwamba mwanamke mgeni anaweza kuingia mahali na kubadili utawala wake. Wengi tumesikia simulizi ya Milansi, ya wanawake watatu waliofika mtawala akiwa mawindoni, na kutoka kwao ukaanza ukoo wa Watwa.

Leo tunakwenda mbali kidogo, kaskazini kupita Kenya, hadi Ethiopia. Huko kulikuwa na mwanamke aliyetoka mkoani, akaingia ikulu, akavikwa taji, akatawala kwa jina la mwanawe na baadaye la mjukuu wake. Jina lake ni Mentewab. Yeye na mwanawe wanatajwa kuwa ndio waliotoa kanisani taji la dhahabu lenye sura za Wainjilisti wanne na Mitume kumi na wawili, sura zilizoinuliwa kwenye bamba la dhahabu kwa nyundo. Taji hilo bado lipo, lakini haliko katika kanisa alilolipa. Tutafika huko. Tuanze na mwenyewe.

Mentewab alizaliwa karibu mwaka 1706 katika eneo la Qwara, magharibi mwa Ziwa Tana, upande wa kuelekea Sudan. Jina lake la ubatizo lilikuwa Walatta Giyorgis. Mentewab ni jina la sifa, na maana yake inahusu uzuri wake. Waethiopia wa nyanda za juu walikuwa Wakristo tangu karne ya 4, zaidi ya miaka 1,500 kabla ya mapadri wa kwanza kufika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kanisa lao ni la Kiorthodoksi, na kwa karne nyingi askofu wao mkuu, anayeitwa Abuna, alikuwa akitumwa kutoka Misri.

Mji mkuu wakati huo ulikuwa Gondar, kaskazini mwa Ziwa Tana, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Sumbawanga angeizoea baridi yake ya asubuhi bila shida. Wafalme walijenga humo kasri za mawe ndani ya ukuta mmoja, kila mfalme akiongeza jengo lake, na majengo hayo yapo hadi leo.

Kuhusu namna alivyofika ikulu kuna simulizi inayopendwa sana. Mfalme Bakaffa, aliyetawala kuanzia mwaka 1721, alikuwa na desturi ya kuzunguka nchini akiwa amejificha, avae kama mtu wa kawaida ili aone jinsi watu wanavyoishi. Akiwa Qwara akashikwa na homa. Akapokelewa katika nyumba ya mkulima mmoja, na binti wa nyumba hiyo akamuuguza mpaka akapona. Binti huyo ndiye Mentewab. Huenda simulizi imetiwa chumvi, kwani familia yake haikuwa ya watu wa chini kama inavyosimuliwa. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1722 aliolewa na mfalme, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kiume, Iyasu.

Bakaffa alifariki mwaka 1730. Iyasu alikuwa bado hajafikisha miaka saba.

Hapo ndipo Mentewab alipoonyesha akili yake. Mtoto mdogo kwenye kiti cha enzi ni nafasi kwa kila mwenye jeshi. Mjane wa mfalme angeweza kusukumwa pembeni, apelekwe kwenye nyumba ya watawa, na mtoto akabaki mikononi mwa wakubwa wa vita. Yeye alifanya jambo ambalo wajane wa wafalme waliomtangulia hawakulifanya: alivikwa taji rasmi, akawa mtawala pamoja na mwanawe, kwa cheo cha itege, yaani malkia. Kisha akaita ndugu zake kutoka Qwara na kuwapa nafasi. Kaka yake, Wolde Leul, akawa mshauri mkuu wa utawala na akabaki na madaraka hayo kwa miaka mingi.

Siyo wote waliofurahi. Mwaka 1732 waasi walimtangaza mfalme wao na kuuzingira ukuta wa kasri za Gondar. Mama na mtoto walikuwa ndani. Walinusurika kwa sababu majeshi ya mikoa yaliyobaki na utiifu yalifika kuwaokoa. Baada ya hapo utawala wake ukatulia, na akaanza kujenga.

Alijenga ukumbi wake ndani ya ukuta wa Gondar. Alisaidia kujenga kanisa la Utatu Mtakatifu la Narga katika kisiwa cha Dek, ndani ya Ziwa Tana, ambako hadi leo kuna picha ukutani inayomwonyesha amelala kifudifudi miguuni pa Bikira Maria na Mtoto. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Qwesqwam, kwenye mlima nje kidogo ya mji. Jina hilo limetoka Misri. Ni mahali ambapo, kwa mapokeo ya Wakristo wa huko, Familia Takatifu ilipumzika ilipomkimbia Herode. Mama mjane aliyelindwa pamoja na mtoto wake dhidi ya wanaotaka kumuua akachagua jina hilo kwa kanisa lake. Nadhani hatuhitaji kueleza zaidi kwa nini.

Ndilo kanisa ambalo taji letu lilitolewa, karibu mwaka 1740, pamoja na kikombe cha misa cha dhahabu tupu kilichoandikwa majina ya mfalme na ya mama yake. Mtu anaweza kudhani taji lazima liwe la kuvaliwa na mfalme. Kwa Waethiopia siyo hivyo tu. Taji linaweza kuwa zawadi kwa Mungu, likakaa kanisani pamoja na misalaba na vikombe, na likaonekana siku za sikukuu kubwa. Hata leo, kwenye sikukuu ya Timkat mwezi Januari, wanapokumbuka Ubatizo wa Bwana, utaona makasisi wakitembea katika maandamano wakiwa na mataji na misalaba inayong'aa juani.

Turudi kwenye nyundo. Mtu anayeona sura ya Mtume imeinuka kwenye dhahabu anaweza kufikiri ilimiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Kazi ya namna hii kwa kawaida hufanywa kwa njia nyingine. Sonara huchukua bamba jembamba la dhahabu, hulilaza juu ya kitu kigumu kinachokubali kubonyea kidogo, kama lami au utomvu ulioganda, kisha hupiga kutoka upande wa nyuma kwa tindo butu. Anapopiga nyuma, mbele panainuka. Kichwa kinatokea, halafu bega, halafu mikunjo ya joho. Baadaye hugeuza bamba na kuchora kwa mbele macho, vidole na ndevu. Akipiga kwa nguvu kupita kiasi, bamba linapasuka. Akipiga kwa woga, sura haitoki. Dhahabu tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na fedha na shaba kidogo ili ishike umbo. Taji la Qwesqwam lina mchanganyiko wa aina hiyo, limepambwa pia kwa nyuzi za dhahabu zilizosukwa na shanga za kioo.

Wahunzi wa Ufipa walifanya kazi yao kwa chuma, si kwa dhahabu, na walikuwa na hatua zao. Kwanza lilungu kubwa la kuyeyushia mawe, kisha tanuri dogo liitwalo kintengwe la kusafishia chuma kilichopatikana, ndipo nyundo ikafuata. Fundi wa Gondar na fundi wa Ufipa wangeelewana bila mkalimani.

Na gharama? Hapa ndipo sifa za Mentewab zinapokutana na lawama. Majengo, sikukuu, mapambo ya makanisa, vyote vilikula mali. Iyasu alipokua alijaribu kujipatia jina vitani, akalipeleka jeshi dhidi ya ufalme wa Sennar katika Sudan ya leo. Alishindwa vibaya. Katika kushindwa huko Waethiopia walinyang'anywa hata picha takatifu ya Kristo mwenye taji la miiba, iliyokuwa ikitangulia mbele ya jeshi, na wakalazimika kuikomboa kwa dhahabu nyingi. Iyasu alipofariki mwaka 1755 inasimuliwa kwamba hazina ilikutwa karibu tupu. Wapo wanaosema mama yake alimwaga nguvu ya dola kwenye kuta na dhahabu. Wapo wanaojibu kwamba Gondar isingekuwa na cha kuonyesha leo bila yeye. Sisi tunaona pande zote mbili zina ukweli, na mkulima wa Qwara aliyetozwa kodi ya majengo hayo hakuulizwa na yeyote.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Baada ya kufiwa na Bakaffa, Mentewab alikuwa na uhusiano na kijana wa ukoo wa kifalme, naye pia akiitwa Iyasu, akazaa naye mabinti watatu. Mwanawe mfalme hakulipenda jambo hilo. Mwaka 1742 yule kijana alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye jabali karibu na Ziwa Tana, na watu wengi waliamini kwamba alisukumwa kwa amri ya mfalme. Mama na mtoto waliendelea kutawala pamoja baada ya hapo, lakini tangu siku hizo Mentewab alizidi kukaa Qwesqwam, kwenye kasri lake kando ya kanisa.

Ndoa ya mwanawe ilileta tatizo lililokuja kumvunja. Ili kupata urafiki wa Waoromo, ambao nguvu yao ya kijeshi ilikuwa ikikua, Iyasu alioa binti wa kiongozi wao mmoja. Binti huyo aliitwa Wubit, akabatizwa, akazaa mtoto wa kiume, Iyoas. Ilionekana kama mpango mzuri. Lakini Iyasu alipofariki na Iyoas kurithi akiwa mtoto, wakawapo wanawake wawili wenye haki ya kusema kwa niaba ya mfalme: bibi na mama. Bibi alikuwa na ndugu zake wa Qwara, ambao kwa miaka 25 walikuwa wamezoea vyeo. Mama alikuwa na ndugu zake wa Kioromo, waliokuja Gondar na wapanda farasi wao wakitaka vyeo hivyohivyo.

Kwa muda Wolde Leul aliweza kuwazuia wasichinjane. Alipofariki mwaka 1767, kizuizi kikaondoka. Iyoas akaegemea upande wa wajomba zake. Ndipo akaitwa mtu wa tatu, Ras Mikael Sehul, mtawala wa Tigray upande wa kaskazini, aje na bunduki zake kurudisha utulivu. Alikuwa mzee, mjanja, na jeshi lake lilikuwa na silaha za moto kuliko jeshi lolote nchini. Familia ya Mentewab ilikuwa imeshajiunganisha naye kwa ndoa, na baadaye Aster, mmoja wa wale mabinti watatu, akawa mke wake.

Ukimwita simba aje afukuze fisi, jiulize kwanza nani atamfukuza simba. Mikael alipoona mfalme kijana anapanga kumwondoa, mwezi Mei mwaka 1769 akaamuru auawe. Iyoas akanyongwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkuu wa mkoa kumuua mfalme wa Gondar waziwazi na kuweka mwingine anayemtaka. Wanahistoria wa Ethiopia wanaanzia hapo kipindi wanachokiita Zama za Watawala wa Mikoa, kama zama za Waamuzi katika Biblia, ambapo wafalme walibaki majina tu na wakubwa wa vita wakapigana kwa karibu miaka 90.

Mentewab alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Alikuwa amemzika mume, mwana, na sasa mjukuu. Alijifungia Qwesqwam. Huko ndiko msafiri wa Uskoti, James Bruce, alimkuta mwaka 1770 alipokuja kutafuta chanzo cha Mto Naili wa Buluu. Ndui ilikuwa imeingia katika nyumba ya malkia, na Bruce, aliyekuwa na ujuzi wa tiba, akaombwa kuwahudumia watoto. Waliopona walimfanya mgeni huyo apate ulinzi wa bibi yao, na mengi tunayoyajua kuhusu siku za mwisho za Mentewab yametoka kwenye kitabu cha safari zake. Kinamwonyesha mwanamke aliyekuwa bado na heshima kubwa, ambaye watu walikwenda kumwomba ushauri, lakini asiye na jeshi.

Alifariki mwezi Juni mwaka 1773, akazikwa Qwesqwam.

Taji lilibaki kanisani karibu na kaburi lake, lakini halikubaki salama. Katika miaka ya 1860 Mfalme Tewodros wa Pili, aliyekuwa na ndoto ya kuiunganisha Ethiopia upya kwa nguvu, aligombana na makasisi na watu wa Gondar. Alipora makanisa ya mji huo na kuuchoma moto, akabeba hazina zake hadi ngome yake ya Maqdala, juu ya mlima mwinuko, ambako alikuwa akikusanya vitabu na vyombo kwa ajili ya kanisa alilotaka kulijenga. Tunalisema hili kwa sababu wakati mwingine husahauliwa: mikono ya kwanza kuichukua mali ya Qwesqwam ilikuwa ya mfalme wa nchi hiyohiyo.

Mikono ya pili ilitoka mbali. Tewodros aliwafunga Wazungu kadhaa, akiwemo balozi wa Uingereza, kwa hasira ya barua yake kutojibiwa. Waingereza wakatuma jeshi kutoka India likiongozwa na Robert Napier. Tarehe 13 Aprili 1868, Jumatatu ya Pasaka, ngome ikaanguka na Tewodros akajiua. Askari wakavamia hazina. Inasimuliwa kwamba mali iliyokusanywa ilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200, kisha ikanadiwa uwandani, na fedha zikagawiwa kwa askari.

Pamoja na jeshi hilo alikuwapo mtu wa Makumbusho ya Uingereza, Richard Holmes. Alinunua kwa askari mmoja lile taji pamoja na kile kikombe cha dhahabu kwa pauni 4. Ile picha ya Kristo mwenye taji la miiba, iliyokuwa imekombolewa kutoka Sennar kwa dhahabu, Holmes hakuipeleka makumbusho. Aliichukua iwe yake.

Taji na kikombe viliishia London, katika makumbusho ambayo leo huitwa Victoria and Albert, navyo vilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya Uingereza. Hata wakati huo wapo Waingereza waliona aibu. Mwaka 1871 Waziri Mkuu William Gladstone alisema bungeni kwamba anasikitika vitu hivyo kuletwa, na kwamba vitunzwe hadi vitakapoweza kurudishwa. Mwaka 1924 Uingereza ilimrudishia Malkia Zewditu taji moja la Tewodros, la fedha iliyopakwa dhahabu. La dhahabu halikurudi.

Mwaka 2018, miaka 150 baada ya Maqdala, makumbusho hayo yaliweka maonyesho ya vitu hivyo, na mkurugenzi wake akasema yuko tayari kuikopesha Ethiopia kwa muda mrefu. Ethiopia inataka virudishwe moja kwa moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1983 inayasimamia makumbusho hayo na kuyazuia kutoa vitu vyake ovyo, na hilo ndilo jibu linalotolewa kila mara. Mtu aliyepoteza ng'ombe akamkuta kwenye zizi la jirani, kisha akaambiwa anaweza kumwazima, atajua mwenyewe namna ya kulipokea neno hilo.

Hadi makala hii inaandikwa, taji lipo London, Wainjilisti wanne na Mitume kumi na wawili wakiwa bado wameinuka vizuri kwenye dhahabu yake. Kule Gondar, kanisa la Qwesqwam liliharibiwa wakati majeshi ya Mahdi kutoka Sudan yalipouvamia mji mwaka 1888, likajengwa tena baadaye, na ibada inaendelea. Magofu ya kasri la Mentewab yako kando yake, katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1979. Mgeni akifika, mtunzaji humwonyesha sanduku lenye mfuniko wa kioo. Ndani yake kuna mifupa ya watu watatu: Mentewab, mwanawe Iyasu na mjukuu wake Iyoas.